Kilemba, Kiti na Jina: Fani katika Picha ya Madeleine

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hulelewa na mifano miwili. Wa kwanza ni wa kikombe na chai: fani ni kikombe, maudhui ni chai iliyomo, na mnywaji akishakata kiu yake hukirudisha kikombe mezani. Wa pili ni wa sarafu: fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja, na anayejaribu kuzitenganisha huishia kuiharibu sarafu yenyewe. Mjadala huu umedumu kwa miongo kadhaa katika madarasa yetu, na aghalabu humalizika kwa ushindi wa sarafu. Katika insha hii ninakusudia kuujaribu ushindi huo kwa kazi isiyo ya maneno: picha ya rangi za mafuta iliyochorwa na Marie-Guillemine Benoist na kuonyeshwa Paris mwaka 1800, ambayo sasa hutajwa kama Picha ya Madeleine na inatunzwa katika jumba la makumbusho la Louvre.

Nimeichagua kwa sababu ndani yake fani na maudhui havikubaliani kama pande za sarafu zinavyopaswa kukubaliana. Mpangilio wa picha unasema jambo moja juu ya mwanamke aliyechorwa; jina ambalo picha ilipewa lilisema jambo jingine, nalo likaachwa liseme hivyo kwa karibu karne mbili. Swali langu ni hili: panapokuwa na ugomvi wa namna hiyo, fani inaweza kumtetea mtu kwa kiasi gani, na ni wapi utetezi wake unakoma?

Tuitazame kwanza. Turubai si kubwa: kimo chake ni sentimita 81 na upana sentimita 65. Mwanamke mweusi ameketi kwenye kiti cha enzi ya kitajiri cha Kifaransa, ambacho mbao zake na misumari yake ya rangi ya dhahabu vinaonekana kidogo tu, kwa kuwa kimetandazwa kitambaa cha buluu. Mwili wake umegeuzwa upande, lakini uso umerudi kwetu. Kichwani amefunga kilemba cheupe chenye mikunjo mingi, na sikioni ana herini ya dhahabu. Vazi jeupe limeshuka mabegani na kuliacha titi moja wazi. Kiunoni linashikwa na utepe mwekundu. Mkono mmoja umepita mbele ya mwili na kutulia juu ya nguo. Nyuma yake hakuna kitu: hakuna pazia, dirisha, mti wala bahari. Pana uwanda wa rangi hafifu tu, kama ukuta uliopakwa chokaa zamani.

Benoist, aliyezaliwa mwaka 1768, alifundishwa kwanza na Élisabeth Vigée Le Brun, kisha na Jacques-Louis David, mwalimu mkuu wa mtindo tunaoweza kuuita uklasiki mpya. Mtindo huo ulikuwa na sheria zake, na msomaji wa mashairi yetu ya kimapokeo hatapata taabu kuzielewa, kwa maana zilifanya kazi kama arudhi. Ulidai mstari ulio wazi kuliko rangi inayotiririka. Ulidai umbo lililofungika, aghalabu pembetatu yenye kitako kipana na kilele kichwani, ili jicho la mtazamaji lisitangetange. Ulidai mandharinyuma iliyopunguzwa, mavazi yanayokumbusha sanamu za Wagiriki na Warumi, na utulivu wa mwili hata pale ambapo moyo una dhoruba. Mshairi wa tarbia anajua kwamba mizani 16 ya kila mshororo si pingu peke yake. Ni pia ahadi kwa msikilizaji kwamba kila neno limepimwa. Wachoraji wa shule ya David walitoa ahadi ya aina hiyohiyo.

Basi Benoist alizishika sheria hizo kwa uaminifu mkubwa. Kilemba ni kilele cha pembetatu. Mabega na mkono uliokunjwa ni pande zake. Kitambaa cha buluu na mapaja yaliyofunikwa ni kitako. Kuna hata vina: weupe wa kilemba juu unaitikiwa na weupe wa vazi chini, na baina yao umewekwa uso, shingo na bega, kama maneno yaliyo kati ya kina cha kati na kina cha mwisho. Utepe mwekundu ni mdogo, lakini bila huo buluu na nyeupe zingebaki kuwa rangi za nguo tu. Ukiwepo, rangi tatu za bendera ya Jamhuri ya Ufaransa zinakamilika, wala si rahisi kuamini kwamba mtazamaji wa Paris wa mwaka 1800 asingeziona.

Hapa ndipo jambo la ajabu linapotokea. Nadharia iliyoulea mtindo huu haikumtarajia mtu kama Madeleine. Johann Joachim Winckelmann, mwanachuoni wa Kijerumani ambaye maandishi yake juu ya sanaa ya kale yalisomwa Ulaya nzima, alitoa hoja mwaka 1764 kwamba kwa kuwa rangi nyeupe ndiyo inayorudisha nuru nyingi zaidi, mwili mzuri huzidi uzuri kadiri unavyozidi weupe. Kwa fikra hiyo marumaru na ngozi ya Mzungu vilikuwa ndugu. Katika picha nyingi za wakati huo ngozi ndiyo sehemu inayong'aa, na mchoraji hulazimika kutia kivuli nyuma yake ili ukingo wa shavu au bega uonekane.

Tulinganishe na picha maarufu ya Juliette Récamier ambayo David aliianza mwaka huohuo wa 1800 na kuiacha bila kuikamilisha. Nayo ina mandharinyuma tupu, vazi jeupe la Kigiriki na utulivu uleule. Lakini ngozi ya Récamier na vazi lake vinakaribiana mno kwa mwanga. Bega linayeyuka kuingia katika nguo, na inabidi David aufukuzie mstari kwa kutia giza ukutani. Kwa Benoist mambo yamegeuka. Ngozi ndiyo sehemu nzito kuliko zote, na kila inapokutana na ukuta hafifu au nguo nyeupe inajichora yenyewe. Ukingo wa bega, shingo, kidevu na kidole ni mistari safi isiyohitaji msaada wa kivuli cha kubuni. Mtindo ulioabudu mstari ulipata mstari wake ulio kamili kwa mwanamke ambaye nadharia yake ilikuwa imemwacha nje ya mlango wa uzuri.

Hoja hii siitoi kama sifa kwa Benoist pekee. Naitoa kwa sababu inaonyesha uwezo wa fani ambao mfano wa kikombe hauwezi kuueleza. Kama fani ingekuwa chombo kitupu, ingepokea maudhui yoyote bila kubadilika. Hapa chombo kimejikuta kikisema kitu ambacho waliokifinyanga hawakukusudia. Ndivyo inavyokuwa katika ushairi wetu pia, pale bahari iliyozoeleka kwa sifa za watawala inapotumiwa na mtu wa chini kuwashtaki watawala haohao: mizani ni ileile, lakini sasa uzani wake unamwangukia mwingine.

Ongeza macho. Katika picha nyingi za Ulaya za karne ya 18, mtu mweusi huwekwa pembeni: ni mtumishi anayeshika sinia, au mtoto anayemwinulia bibi yake uso ili weupe wa bibi uzidi kuonekana. Macho yake huelekezwa kwa mwingine, na hivyo humwelekeza mtazamaji kwa huyo mwingine. Madeleine hana wa kumtazama ila sisi. Yuko peke yake katikati ya turubai, ameketi, na hatabasamu. Kuketi si jambo dogo: mtumishi husimama. Hata mikono yake haishiki sinia, ua wala chombo chochote cha kumwambia mtazamaji kwamba ana kazi ya kufanya. Kwa lugha ya mpangilio peke yake, huyu ni bibi mwenye nyumba.

Lakini mwenye nyumba gani hukalishwa kifua wazi? Swali hili limewagawa wahakiki. Wengine husema titi lililo wazi ni nahau ya uklasiki mpya yenyewe: miungu wa kike, Uhuru, Jamhuri na Ukweli wote walichorwa hivyo, na kwa hiyo Madeleine amepandishwa cheo akawa ishara. Mwaka 1794 Ufaransa ilifuta utumwa katika makoloni yake. Mwaka 1800 sheria hiyo ilikuwa bado hai. Mwaka 1802 Napoleon aliurudisha utumwa. Picha imesimama katikati ya tarehe hizo, na si upuuzi kuisoma kama sifa kwa uhuru uliokuwa tayari umeanza kutetereka. Wengine hujibu kwamba mabibi wa tabaka la Benoist hawakuwa wakijichorisha hivyo kwa majina yao, na kwamba mwili ulioachwa wazi unakumbusha soko kabla ya kukumbusha hekalu.

Msomaji wa pwani yetu ana ushahidi wake wa kuongeza. Unguja ya karne ya 19 nguo ilikuwa waraka. Merikani na kaniki zilimtambulisha mtumwa, na kujitanda na kujifunika kulikuwa heshima ya waungwana. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa hawakungoja kuelezwa maana ya uhuru: waliivaa. Walinunua kanga za rangi, wakafunika mabega na vichwa, wakaiacha kaniki. Kwa wanawake hao uhuru ulikuwa kitambaa kilichoongezwa juu ya mwili, wala haukuwa kitambaa kilichoondolewa. Anayeijua historia hiyo hawezi kulitazama bega la Madeleine kwa jicho la Kigiriki peke yake. Atauliza ni nani aliyeishusha nguo hiyo, na kama aliyevaa alikuwa na nafasi ya kuipandisha.

Na hapa kilemba kinasema zaidi ya vazi. Vazi jeupe ni la mtindo wa Paris. Lingeweza kutoka katika sanduku la mavazi ya karakana ya mchoraji. Kilemba kinashuhudia mkono uliozoea kufunga, mkunjo juu ya mkunjo, kwa namna ya wanawake weusi wa visiwa vya Karibi. Katika turubai nzima ni sehemu ambayo kwa dhana yangu ilitungwa na Madeleine mwenyewe. Benoist aliichora kwa uangalifu uleule alioutumia kwa uso, na kwa kufanya hivyo, ametaka asitake, aliruhusu utunzi wa mtu mwingine uingie katika utunzi wake.

Sasa tufike kwenye jina. Picha ilipoonyeshwa mwaka 1800 katika maonyesho makuu ya sanaa ya Paris, haikuwa na jina la mtu. Iliitwa kwa neno la Kifaransa la kumtaja mwanamke mweusi ambalo leo hakuna muungwana analolitamka. Serikali ya Louis XVIII iliinunua mwaka 1818, nalo jina likaingia pamoja nayo katika vitabu vya makumbusho. Ni mwaka 2019 tu, katika maonyesho ya jumba la makumbusho la Orsay kuhusu watu weusi waliochorwa na wasanii wa Ufaransa, ndipo umma ulipoelezwa kwamba aliitwa Madeleine, kwamba alitoka Guadeloupe, na kwamba alikuwa mtumishi katika familia ya shemeji wa mchoraji. Jina lenyewe ni la ubatizo, na linatuambia machache. Hata hivyo, limetosha kubadilisha namna tunavyosimama mbele ya picha.

Washairi wetu wa kimapokeo wana desturi ya kulitia jina katika ubeti wa tamati, ili utungo usipotee njiani ukawa mali ya yeyote. Benoist naye alikuwa na tamati yake: alitia saini kwenye turubai, na ndani ya saini hiyo aliweka jina la ukoo wake wa kuzaliwa, Laville-Leroux, pamoja na lile la mumewe. Mwanamke aliyekuwa akipigania kutambuliwa katika kazi iliyotawaliwa na wanaume alihakikisha kwamba jina lake halifutiki. Aliyeketi mbele yake kwa saa nyingi hakupata hata herufi moja. Picha ina wanawake wawili na jina la mmoja.

Hili halikuwa jambo lisiloepukika. Miaka mitatu kabla, Anne-Louis Girodet, mwanafunzi mwingine wa David, alimchora Jean-Baptiste Belley, mtu aliyezaliwa Gorée, akauzwa utumwani Saint-Domingue, akajikomboa, akawa askari, na hatimaye mbunge aliyeketi katika bunge la Paris lililofuta utumwa mwaka 1794. Belley amesimama kwa sare ya ubunge yenye mshipi wa rangi tatu, ameegemea kinara chenye sanamu ya marumaru ya Raynal, mwandishi aliyejulikana kwa kuukosoa utumwa. Picha hiyo ina jina, cheo na historia. Lakini itazame fani yake: Belley amelazimika kugawana turubai na kichwa cheupe cha marumaru, kana kwamba uhuru wake hauna budi kuwa na shahidi Mzungu. Madeleine hana cheo wala jina, lakini hagawani turubai na yeyote.

Insha hii inaandikwa Merrylands, magharibi mwa Sydney, na mahali hapa pana neno la kusema kuhusu majina. Hii ni ardhi ya watu wa Dharug. Mwaka 1855 Arthur Todd Holroyd, Mwingereza aliyekuwa daktari na mwanasheria, alijipatia ardhi hapa, nayo ikaitwa kwa jina la makao yake ya zamani kule Uingereza. Huyu Holroyd alikuwa amewahi kupita Misri na Sudan, na mwaka 1839 jarida la Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia mjini London lilichapisha maelezo yake ya safari ya Kordofan. Hivyo sisi wa Afrika Mashariki tunaoshuka treni katika kituo cha Merrylands tunaishi ndani ya jina la mtu aliyewahi kuitazama Afrika na kuiandika. Jina la mahali, kama jina la picha, hukaa kimya hata watu wakasahau kwamba kuna aliyelitia.

Sydney ina picha yake ya kulinganisha. Mnamo mwaka 1826 mchoraji Augustus Earle alimchora Bungaree, mtu wa Broken Bay aliyekuwa ameizunguka Australia kwa meli pamoja na Matthew Flinders mwaka 1802 na 1803. Picha iko leo katika Maktaba ya Taifa mjini Canberra. Bungaree amevaa koti jekundu la kijeshi, kifuani ana bamba la shaba la aina aliyopewa na Gavana Macquarie mwaka 1815, na ameinua kofia kama afisa anayesalimia wageni. Nyuma yake ni bandari na ngome ya Macquarie, mahali ambapo sasa pamesimama jumba la Opera. Mkao ni wa picha za majenerali. Jina lake tunalijua, na liliandikwa hata kwenye bamba. Lakini kila kitu katika mpangilio kimeazimwa: koti, kofia, cheo, na hata bandari, ambayo yeye anawakaribisha watu ndani yake ilhali tayari imechukuliwa. Mtazamaji wa wakati ule aliweza kucheka. Mbele ya Madeleine, fani haiachi nafasi ya kicheko. Mhakiki mmoja wa mwaka 1800 alipotaka kufanya mzaha, ilimbidi aufanyie mkono mweupe uliochora, si mwanamke aliyechorwa.

Kwa Bungaree basi tuna jina ndani ya mpangilio unaomwekea mtego. Kwa Madeleine tuna mpangilio unaompa hadhi huku jina likinyimwa. Ukivilinganisha hivi viwili utaona kwa nini sarafu nayo haitoshi. Mfano wa sarafu hudhani kwamba pande mbili zilipigwa chapa na mkono mmoja, kwa wakati mmoja. Kazi za sanaa hazitengenezwi hivyo daima. Fani yaweza kutoka kwa mtu mmoja, jina kwa mwingine, kilemba kwa wa tatu, na maana ikabaki ni shauri lisilokwisha kati yao.

Shauri hilo halijaisha, na linatugusa sisi wenyewe. Picha za watu wetu zinazochapishwa katika vijarida vya misaada na ripoti za makazi mapya aghalabu ni nzuri kwa fani. Mwanga ni laini, nyuma pametulia, kitenge kimeshika rangi zake, macho yanamtazama msomaji bila woga. Chini yake huandikwa: mwanamke mkimbizi kutoka Afrika. Wapo wasiotaka majina yao yatajwe, na wana sababu zao. Huo ni uamuzi wao na lazima uheshimiwe. Ninayemzungumzia ni yule ambaye hakuulizwa. Uzuri wa picha ndio unaotufanya tusigundue kwamba hakuulizwa, kwa kuwa fani imekwisha kutushibisha heshima kabla hatujafika kwenye maandishi.

Kwa hiyo somo ninalolitoa kwa Madeleine si kwamba fani ni adui, wala si kwamba ni mkombozi. Benoist alimpa yale ambayo mpangilio waweza kumpa mtu: nafasi ya katikati, kiti, mstari ulio wazi, na macho yasiyotumwa kwa mwingine. Hayo si machache, na ndiyo yaliyomhifadhi hadi watafiti walipokuja kumtafuta. Kama angechorwa pembeni ameshika sinia, nani angetaka kujua aliitwa nani? Lakini fani haikuweza kumpa sauti, wala haki ya kuipandisha nguo yake begani. Mhakiki anayesifu pembetatu na vina vya rangi bila kuuliza juu ya nguo na jina anafanya kazi nusu. Naye anayelaani titi lililo wazi bila kuona jinsi mstari wa bega hilo ulivyoipindua nadharia ya Winckelmann amefanya nusu iliyobaki. Kazi nzima ni kusoma vyote viwili pamoja, na kisha kukitazama kile kilemba, ambacho huenda ndicho kifungu pekee katika utungo huu alichokitunga yeye mwenyewe.